Kaunta Buku la Melkizedeki Kaaya, Mtu wa Kusalimia Mmoja Mmoja

"Ukiingia kwangu mara moja, hutoki tena mpaka mmoja wetu azikwe!"

Maneno hayo marehemu Melkizedeki Elinami Kaaya aliyatamka kwenye kipaza sauti, Jumapili ya tarehe 7 Desemba 2008, katika ukumbi mmoja wa nyuma ya uwanja, Kaloleni. Walikuwepo watu ishirini na watatu, mlinzi akiwemo, na mlinzi alikuwa amesinzia. Watu walicheka sana siku ile. Leo wamekuja wenyewe kumtoa jasho mchimba kaburi kwa wingi wao. Waliosimama migombani kwa kukosa viti, familia inawaomba radhi. Kamati ilikodi hema kwa hesabu ya msiba wa mwanamuziki, na wanamuziki wengi wa mji huu hutoshwa na hema moja na jirani zao wawili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Poli, Meru, mtoto wa pili wa Mzee Elinami Kaaya na Bibi Nanyori, ambao wote wametutangulia. Akiwa na miaka sita alitumwa kupeleka mkungu wa ndizi kwa babu yake, akakuta wazee tisa wamekaa kwenye benchi. Kwa kuwa wenzake walikuwa wanamngoja mtoni, alitua mkungu, akapaza sauti, "Shikamooni!" kisha akageuza. Mzee Elinami alikuwa mmoja wa wale tisa.

"Wewe, rudi hapa. Umesalimia watu au umesalimia benchi?"

Mtoto alirudi, akashika mkono wa kila mmoja. Shikamoo tisa, marahaba tisa, na yule aliyekuwa hasikii vizuri akasalimiwa mara mbili. Alipofika mtoni wenzake walishavaa nguo. Siku ile ilimuuma, lakini ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, mwaka 1979 hadi 1985, akaingia sekondari mwaka 1986, akaishia kidato cha pili. Ripoti yake ya mwisho mjane anayo hadi leo, na mwalimu wa darasa aliandika kwa wino mwekundu: "Anajua majina ya wanafunzi wote na ya wazazi wao. Hisabati, kumi na moja." Gitaa hakufundishwa na mtu. Alianza na la galoni na nyaya za breki za baiskeli, ya baba yake, na baba yake alijua habari hiyo akiwa anateremka mlima.

Kuanzia mwaka 1990 marehemu aliuza miche sokoni Tengeru. Miche mingine huzaa upesi, lakini parachichi la kupandikiza humngojesha mtu miaka mitatu, na katika miaka hiyo mnunuzi anaweza kukubariki au kukulaani bila wewe kujua. Marehemu hakupenda kulaaniwa kwa mbali. Akinunua mtu mche, alimuuliza jina, anakaa wapi, anapanda upande gani wa nyumba, akaandika. Miezi sita baadaye akimwona anapita sokoni alimwita, "Mama Anjela! Ule wa nyuma ya choo umeshika?" Mama wa watu alikuwa amekuja kununua nyanya. Aliondoka na nyanya na miche miwili.

Mwaka 2004 alianzisha bendi pamoja na mpiga kinanda, Ndugu Hans Lyatuu, Mchaga ambaye marehemu alimwita Mangi, rafiki waliyepanga naye nyumba moja Kaloleni. Waliiita Loshoro, kama kile chakula chetu cha Meru, kwa sababu, alivyosema marehemu, mahindi peke yake ni makavu na maziwa mgando peke yake ni makali, lakini yakikutana hakuna anayeondoka na njaa. Hakufafanua nani alikuwa mgando. Baadaye ilijulikana.

Bendi ilipiga kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri. Ndugu Hans alikuwa akifika saa tisa kasoro dakika moja, na miwani yake ya jua. Marehemu alikuwa mlangoni tangu saa saba. Alimpokea kila anayeingia kwa mkono, akamuuliza jina, ametokea wapi, na wimbo gani ukipigwa moyo wake unatulia. Mapumziko, wenzake wakienda kunywa soda nyuma ya jukwaa, yeye alizunguka meza. Mwisho wa onyesho hakuondoka mpaka kiti cha mwisho kiinuke. Akifika nyumbani aliwaandika wote kwenye kaunta buku jeusi, pamoja na namba zao za simu. Mtu asipoonekana Jumapili tatu alipigiwa simu. "Dada Silantoi, kiti chako kinaniuliza umehamia wapi." Akisikia mtu amefiwa, alikwenda na gitaa, akaliweka kwenye kona, asilitoe mpaka aombwe.

"Melki," Ndugu Hans alimwambia siku moja mbele ya bendi nzima, "wewe ni msanii au mjumbe wa nyumba kumi?"

"Mjumbe anaondolewa kwa kura, Mangi. Mimi nitaondolewa na nani?"

"Msanii akionekana sana anachujuka."

"Na asipoonekana kabisa? Si ndiyo anaitwa marehemu?"

Kwa namna hiyo watu ishirini na watatu wakawa sitini, sitini wakawa mia mbili, na ukumbi ukaanza kuwa mdogo. Mfano wa kukumbukwa ni Mzee Solomoni wa Oldonyosambu, ambaye yupo hapa. Mzee alikuja Kaloleni mwaka 2010 kuhudhuria mkutano wa josho la ng'ombe, akaelekezwa vibaya, akaingia kwenye ukumbi wa Loshoro, akakaa mbele kabisa na fimbo yake, akingoja ajenda. Marehemu alimfuata, akamsalimia kwa Kimaasai.

"Sopai, mzee wangu."

"Epa. Mwenyekiti ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Haya, anza na josho."

Marehemu alipanda jukwaani akatunga wimbo wa josho papo hapo, beti nne, zote za kupe. Mzee Solomoni alipiga makofi akasema huo ndio mkutano wa kwanza wa josho uliofikia uamuzi. Hakukosa tena miaka saba mfululizo, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na kibuyu cha maziwa.

Tarehe 19 Septemba 1998 marehemu alifunga ndoa na Bi Agnela, binti wa Kikatoliki kutoka Kilimanjaro. Mapadri walinuna kidogo, wachungaji wakanuna kidogo, mpishi hakununa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Violet na Lucky. Ndoa yao ilikuwa tulivu isipokuwa siku moja ya mwaka 2011, Bi Agnela alipofungua kaunta buku jeusi kutafuta namba ya fundi bomba.

"Baba Violet, huyu KICHEKO KIREFU MEZA YA DIRISHANI ni mwanamke gani?"

"Ni mama mchungaji wa jirani."

"Na huyu ANASINZIA WIMBO WA TATU?"

"Mwalimu Anande. Mama Violet, nina kina Anande wanne humo ndani. Majina yao yapo kichwani. Karatasi inanishikia alama tu."

Bi Agnela alisoma kurasa tatu, akacheka hadi akakaa chini, kisha akamwambia neno ambalo marehemu alilikumbuka baadaye kwa uchungu: "Siku likitoka nje hili, utahama mji."

Lilitoka. Tarehe 14 Juni 2017 Bibi Nanyori alifariki, na marehemu akapanda Poli kumzika mama yake. Ndugu Hans naye alipanda. Alibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma. Alikula pilau ya msiba sahani mbili, na familia haikumhesabia. Siku ya tatu, wanaume wakiwa wanavunja hema, aliondoka mapema akisema ana dharura mjini. Alichukua mkoba wa gitaa wa marehemu, wenye kaunta buku ndani, ili, kwa maneno yake, "usinyeshewe". Gitaa lilirudishwa wiki iliyofuata. Kaunta buku halikurudi. Wiki hiyo hiyo jina la Loshoro lilisajiliwa likiwa na mmiliki mmoja, spika zikahamishwa, na mabango yakabandikwa kuanzia Kaloleni hadi Engutoto: LOSHORO HALISI.

Sasa, Ndugu Hans alilicheka buku lile miaka kumi na mitatu bila kulifungua siku hata moja. Alipolipata hakuona sababu ya kuanza kusoma. Alilipeleka kwenye duka la kompyuta, akamwambia mhudumu aingize safu ya kwanza kama majina na safu ya pili kama namba, kisha atume ujumbe kwa wote kwa mpigo. Watu mia tisa na kumi na wawili. Tarehe 7 Julai 2017, saa nne asubuhi, simu zililia mji mzima. Mwanakwaya mmoja mzito wa Engutoto alisoma: "Mpendwa ANACHEZA KULIKO MKEWE, Loshoro Halisi tunakuthamini." Mfanyabiashara mmoja aliyeheshimika simu yake ilikuwa sebuleni inachajiwa, mke wake mkubwa akaisoma kwa sauti, wageni wakiwepo: "Mpendwa WAKE WAWILI USICHANGANYE, Loshoro Halisi tunakuthamini. Jumapili hii usikose, njoo na mwenza wako."

Jumapili hiyo ukumbini waliingia watu kumi na mmoja. Saba kati yao hawakuja kucheza. Mke mkubwa alikuwa wa kwanza kufika, na mke mdogo alimfuata kwa nyuma, wakajuana hapo mlangoni. Ndugu Hans alitorokea dirisha la jikoni. Miwani haikutoka naye. Jioni ile alimpigia marehemu.

"Melki, kaka. Nisaidie. Nipe majina."

"Majina gani?"

"Ya watu. Ya kwenye buku lako."

"Kumbe ni langu."

"Kaka, wataniua hawa."

"Kasimame mlangoni, Mangi, uwasalimie mmoja mmoja. Watakuambia wenyewe wanaitwa nani."

Akakata simu. Familia yote ilicheka, na marehemu alicheka nao, mpaka simu ilipolia tena. Alikuwa Mwalimu Anande, mstaafu, mwenye umri wa mama yake. Hakupayuka. Alisema tu, "Melki, kumbe miaka yote ulikuwa unaniandika hivyo," akakata. Kicheko kiliishia hapo. Kwa maana mkono ulioyaandika yale ulikuwa wa marehemu, hata kama mwizi ndiye aliyeyasambaza. Watu waliodhani wameshikwa moyoni walijiona wamechorwa kama vikaragosi. Kwa asubuhi moja, Ndugu Hans hakuiba mashabiki mia tisa. Aliwachoma. Naye mwizi wa mahindi ana nafuu machoni pa Mungu kuliko anayechoma shamba kwa kutojua kuvuna.

Marehemu hakuhama mji. Alichukua orodha iliyokuwa kichwani mwake akaanza kwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi. Alianza na Mwalimu Anande, akamkuta anapepeta maharage, wala hakukaribishwa kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kama nimelala?"

"Mwalimu, ni kweli nilikuwa nakuona. Mzee wako alikuwa amelala kitandani miaka miwili na wewe ndiye unamgeuza usiku. Nilijua kwangu ndiko unakopumzika. Ndiyo maana wimbo wa tatu nilikuwa naupiga polepole, na mpiga ngoma nilimkataza fimbo."

Mwalimu Anande aliacha kupepeta. Akaingia ndani, akatoka na kiti.

Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili na miezi minne. Si wote waliofungua mlango. Wengine walihama, wengine walikufa wakiwa wamenuna, na hao marehemu aliwaomba radhi makaburini, jambo ambalo watu waliliona la kichaa mpaka walipoona kwamba wajane wao wameanza kurudi Jumapili. Alipiga peke yake, gitaa moja, kwenye uwanja wa mgahawa wa Dada Silantoi huko Engutoto. Alinunua kaunta buku jipya, na safari hii hakuandika neno. Kila aliyekuja alipewa kalamu aandike mwenyewe jina lake, namba yake, na mstari mmoja wa anachotaka akumbukwe nacho. Mzee Solomoni aliandika kwa herufi kubwa, MZEE WA JOSHO, maana ndivyo marehemu alivyomwandika kwenye buku la zamani, na jina lile lilikuwa limempendeza tangu mwanzo. Mpaka mwaka jana walikuwa wamejiandika watu mia sita na arobaini. Bwana mwenye wake wawili hajajiandika. Wake zake wote wawili wamejiandika, ukurasa mmoja, na leo wamekaa pamoja safu ya sita.

Je, marehemu alimsamehe Ndugu Hans? Wasifu husomwa mbele ya jeneza, na mbele ya jeneza hatudanganyi. Hakumsamehe. Mchungaji alijaribu.

"Melkizedeki, imeandikwa saba mara sabini."

"Nimehesabu, Mchungaji. Hili ni la mia nne tisini na moja."

"Hisabati ulipata ngapi wewe?"

"Kumi na moja. Ndiyo maana nilihesabu mara mbili."

Figo zilianza kumsumbua mwezi Agosti 2023. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila siku ya kusafishwa kulikuwa na mtu wa kumpeleka na mtu wa kumrudisha. Zamu hizo zilipangwa na Mwalimu Anande, ambaye aliwahi kuongoza shule na alihesabu waliochelewa. Siku alipolazwa, muuguzi alitoka mlangoni akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, na bustani nzima ya hospitali ikasimama. "Ndugu wa damu!" muuguzi akasema. Kumi na wanne wakakunja mikono ya mashati.

Ndugu Hans alikwenda kumwona mara moja, mwezi Machi mwaka huu, marehemu akiwa amelala, yeye akiwa na mpiga picha. Alishika mkono wa mgonjwa mpaka picha ilipotoka vizuri. Marehemu alipoamka aliambiwa.

"Alinisalimia?"

"Hapana," Bi Agnela akajibu. "Alikupiga picha."

Marehemu akamwita binti yake. "Violet, siku yangu ikifika Hans atakuja. Msimfukuze. Mpeni kiti cha mbele, mbali na spika zisimuumize masikio, ila asipitwe na neno." Kisha akamkabidhi kaunta buku na gitaa, vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa aliamini kimoja bila kingine ni mzigo.

Marehemu alifariki Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Jumatano, mwili haujapoa, matangazo yalianza kuzunguka kwenye simu: "Tamasha la Kumuenzi Melki, tarehe 27 Septemba, likiongozwa na pacha wake wa muziki Hans Lyatuu, kwa baraka za familia." Alhamisi walifika wazee wawili wenye busara, waliotumwa naye, wakaomba mambo mawili. Kwanza, Ndugu Hans ndiye asome wasifu huu, na alikuwa ameuandika tayari, kurasa mbili, moja ikiwa inamhusu yeye. Pili, auziwe kaunta buku jipya, "ili wapenzi wa marehemu wasipotee". Wazee walipewa chai. Baadhi ya wajomba walitaka jina lake lisitajwe kabisa leo, kwa heshima ya msiba. Bi Agnela alikataa.

"Atajwe," alisema. "Mume wangu hakumruka mtu kwenye salamu."

Basi, Ndugu Hans Lyatuu, kiti cha mbele, shati la bluu, miwani ya jua. Jambo!

Familia inawajulisha wote kwamba haijabariki tamasha lolote la tarehe 27. Violet atapiga Jumapili ya tarehe 28, saa tisa alasiri, pale pale kwa Dada Silantoi, na kuanzia saa saba atakuwa mlangoni.

Marehemu ameacha mjane, Bi Agnela. Watoto wawili, Violet na Lucky. Mdogo wake, Abdiel, na mkewe Nkasiogi. Wapwa na mabinamu ambao kuwataja wote kungekausha maua haya. Na watu mia sita na arobaini waliojiandika kwa mikono yao.

Mungu aliyemwumba amwite kwa jina lake, na ampe kupumzika.

Kuhusu ombi la pili la Ndugu Hans, jibu la familia ni hili. Kaunta buku tupu, lile nene la jalada gumu, linapatikana duka lolote la vifaa vya shule pale Kaloleni. Ni shilingi elfu tano na mia tano.